Rekodi za Rafuni: Maktaba za Umma za Meru na Embu

Watu wakihesabu sifa za upande huu wa nchi huanza na Mlima Kenya wenyewe, mita 5,199, wa pili kwa urefu Afrika. Kisha huja chai, kahawa, miraa na wanariadha. Maktaba haitajwi. Mimi naitaja, kwa sababu nimekalia viti vyake tangu nikiwa na sare ya shule, na kwa sababu ukiitazama vizuri utakuta imeshika rekodi ambazo hakuna aliyejisumbua kuziandika ukutani.

Iliyopewa eneo pana kupita kiasi

Tuanze na Embu. Mipaka ya mikoa ilipochorwa upya karibu na uhuru, Embu na Meru zilitolewa Mkoa wa Kati zikatiwa Mkoa wa Mashariki, na mji wa Embu ukawa makao makuu. Mkoa huo ulikuwa wa pili kwa ukubwa Kenya, nyuma ya Bonde la Ufa tu. Ulizidi kilomita za mraba 150,000, ukianzia Makueni kwenye mibuyu hadi Moyale, mlangoni mwa Ethiopia.

Bunge lilipitisha sheria ya Huduma ya Maktaba ya Taifa, KNLS, mwaka 1965, na kazi ikaanza 1967. Mpango ulikuwa kila mkoa upate maktaba yake, na Embu ikawa miongoni mwa miji ya mwanzo kuipata. Hapo ndipo rekodi ilipozaliwa. Chukua ramani upime: kutoka Moyale ushuke Marsabit, upite Isiolo, upande Meru, uvuke Chuka, ufike Embu. Ni zaidi ya kilomita 600, na kabla ya lami ya Isiolo hadi Moyale kukamilika katika muongo uliopita, safari hiyo ilikuwa ya lori, vumbi na kulala njiani. Mtu wa Moyale na mtu wa Embu walikuwa na maktaba moja ya mkoa. Mmoja aliifikia kwa miguu akitoka sokoni. Mwingine alihitaji siku mbili au zaidi, na nauli ya kwenda na kurudi.

Sisemi haya kuilaumu Embu. Nchi changa ilianza na ilichoweza. Lakini anayetaka kuelewa kwa nini watu wa mashambani baadaye walijitafutia maktaba zao wenyewe, aanze na umbali huo.

Iliyotangulia jengo

Kuna maktaba iliyofika kabla ya maktaba. Mwaka 1948 serikali za kikoloni za Afrika Mashariki ziliunda Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki, wengi wakiijua kwa jina la East African Literature Bureau, chini ya Charles Richards. Kazi yake ilikuwa kuchapisha vitabu kwa Kiswahili na lugha nyingine za watu, na kuvisambaza. Hapakuwa na majengo ya kuviweka, basi yakatumwa masanduku ya vitabu, yakae mahali kwa muda kisha yabadilishwe. Msomaji wa mbali aliweza pia kuazima kwa posta: kitabu kinakuja kwenye bahasha, unakisoma, unakirudisha kwa njia hiyohiyo.

Huduma hiyo ilikuwa changa bado Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952. Meru na Embu zilikuwa ndani ya eneo lililobanwa: vijiji vilivyozungushiwa mitaro, pasi za kutembelea, shule huru za Waafrika zikifungwa. Aliyekuwa na hamu ya kusoma katika miaka hiyo alikuwa na hamu kweli.

Mwaka 1960 Sydney Hockey, aliyesimamia maktaba katika Ofisi hiyo, aliandika ripoti ya kupendekeza kila nchi iwe na huduma yake ya taifa. Tanganyika ikatunga sheria 1963, Uganda 1964, Kenya 1965. Kwa hiyo katika mbio hizo Kenya ilimaliza ya tatu, na rekodi ni rekodi hata ikiwa ya mwisho.

Ya juu, na zile za pande mbili za dunia

Kwa upande wa mwinuko sina shaka: katika maktaba za umma za Meru na Embu, Timau ndiyo ya juu zaidi. Mji huo uko bega la kaskazini la Mlima Kenya, kwenye barabara ya Nanyuki kwenda Meru, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kati ya mashamba ya ngano na ya maua. Ni mahali pa koti na shali. Embu iko chini sana ukilinganisha, na Meru mjini iko katikati.

Rekodi ya pili ya jiografia huwafurahisha watoto kila nikiwasimulia. Ikweta inakatiza barabara kuu ya Meru kwenda Embu, kusini kidogo ya mji wa Meru. Meru mjini iko nusu ya kaskazini ya dunia, Mikumbune upande wa Imenti Kusini iko nusu ya kusini. Mtoto anaweza kuazima kitabu nusu moja ya dunia asubuhi, apande matatu, akakisomee nusu ya pili kabla ya chakula cha mchana. Ni nchi chache duniani ambako mtoto anaweza kufanya hivyo kwa nauli ya matatu.

Iliyotolewa shamba

Hii ndiyo rekodi ninayoiheshimu kuliko zote, na sitaipita mbio.

Kando ya zile za miji mikubwa, KNLS iliweka utaratibu wa maktaba za jamii. Wananchi wanatoa kiwanja na jengo, bodi inaleta vitabu na wakutubi. Maneno hayo ni mepesi kwenye karatasi. Kwenye miteremko ya Mlima Kenya ni mazito kama jiwe la kusagia. Huku ardhi ndiyo kila kitu. Si ajabu kukuta ekari moja imegawanywa kwa wana wanne, na mpaka wa shamba ukiwa mche mmoja wa mugumo au mstari wa mkonge ambao kaka na kaka wameupigania mahakamani miaka ishirini. Mtu hupima kwa hatua, kisha kwa futi, mwishowe kwa kiganja.

Sasa chukua watu hao hao, uwaketishe kwenye mkutano chini ya mti, uwaambie: tunataka kipande kitakachozaa vitabu. Kipande hicho hakitatoa debe hata moja la kahawa. Hakitapandwa migomba. Hakitarithiwa na mtoto wa mtu. Na wanakubali.

Ndiyo sababu majina kama Mikumbune, Gatimbi na Timau yananigusa ninapoyasoma kwenye orodha ya matawi ya KNLS, katikati ya Mombasa, Kisumu na Nakuru. Haikuwa miji mikuu ya mkoa. Kaunti moja ya Meru ina majina hayo matatu mbali na tawi la mjini. Msafiri wa basi la Nairobi anaweza kupita hapo asigeuze shingo. Lakini mkutubi anashika zamu, na kitabu kikichelewa kurudishwa kinaulizwa.

Mwaka 2010 Katiba mpya ilizipa serikali za kaunti jukumu la maktaba. Liko kwenye Jedwali la Nne, kati ya maonyesho ya video na makumbusho. Kaunti zikaanza kazi 2013. Kikatiba, tangu hapo swali la paa linalovuja au rafu zisizo na vitabu vipya ni swali la bunge la kaunti, la yule mwakilishi wa wadi unayemjua kwa jina na unayekutana naye mazishini. Naona huo ni mwendo wa kheri. Waliotoa shamba sasa wanajua mlango wa kubisha.

Kitabu kilichotabiri vibaya

Kwenye rafu ya historia ya Kenya, namba 967.62 kwa mpangilio wa Dewey, kuna kitabu ambacho kila kijana wa Embu, Mbeere, Chuka, Mwimbi na Tharaka angefaa kukijua. Kiliandikwa na Mwingereza, G. St. J. Orde-Browne, ofisa wa kikoloni aliyefanya kazi Embu na Chuka kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kilitoka London mwaka 1925. Ni miongoni mwa vitabu vya kwanza kabisa vilivyowahusu watu wa miteremko ya kusini na mashariki ya mlima peke yao, wala si kama mkia wa habari za majirani wao. Jina lake ni *The Vanishing Tribes of Kenya*, makabila ya Kenya yanayotoweka.

Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 608,599 katika Kaunti ya Embu na 393,177 katika Tharaka Nithi. Jumlisha: 1,001,776. Hiyo ndiyo idadi ya watu wa kaunti mbili zilizobeba ardhi ya makabila hayo, miaka 94 baada ya kitabu.

Lakini nisimhukumu mwandishi kwa jalada tu. Ndani alirekodi mambo mengi: jinsi nyumba zilivyojengwa, jinsi mizinga ya nyuki ilivyotundikwa, jinsi wazee walivyoamua kesi. Alichohofia kutoweka zaidi ni namna ya maisha, na hapo hakukosea kabisa. Kasoro ni kwamba sauti ya kitabu kizima ni yake. Wenyeji wanaelezwa, hawaelezi.

Jibu lilichukua karibu nusu karne, na likatoka kwa mwenyeji. H.S.K. Mwaniki alizunguka kwa wazee wa Embu na Mbeere akiwasikiliza na kuandika, akatoa historia ya watu hao mwaka 1973, na mwaka uliofuata *Embu Historical Texts*, mkusanyiko wa masimulizi ya wazee wenyewe. Mchapishaji alikuwa nani? Ofisi ileile ya Vitabu ya Afrika Mashariki iliyokuwa ikituma masanduku. Upande wa Meru, Mmarekani Jeffrey Fadiman aliwahoji wazee mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuingia 1970, na kitabu chake kikubwa cha historia simulizi kikatoka 1993. Alfred M'Imanyara, mwenyeji, alikuwa ameshatoa chake juu ya asili ya Wameru mwaka 1992.

Kwangu mimi *Embu Historical Texts* ndicho kitabu cha thamani kubwa kuliko vyote katika mada hii. Wazee waliozungumza mle walikuwa wamewajua watu walioiona Embu kabla ya Waingereza kuivamia mwaka 1906. Hakuna fedha inayoweza kuwarudisha kwenye kigoda waulizwe tena. Maneno yao yako kwenye karatasi, na karatasi inahitaji rafu isiyonyeshewa.

Rafu inayofanana na mteremko

Jambo dogo hili nililigundua nikitafuta kitabu kingine. Kwa mpangilio wa Dewey, chai iko 633.72 na kahawa 633.73. Zimepakana. Na ukishuka Mlima Kenya kutoka ukingo wa msitu, iwe upande wa Manyatta huko Embu au Imenti huko Meru, unakutana na majani ya chai kwanza, halafu, baridi ikipungua, mikahawa. Melvil Dewey alichapisha mfumo wake Marekani mwaka 1876, na bila shaka hakuwahi kusikia jina la Runyenjes. Hata hivyo rafu yake inateremka kama barabara yetu.

Kahawa nayo ina rekodi hapa. Walowezi waliwazuia Waafrika kuilima kwa miaka mingi. Marufuku ilipoanza kulegezwa miaka ya 1930, Meru, Embu na Kisii ndizo zilizoruhusiwa mwanzo. Ukimuuliza mzee wa Imenti nani alimlipia karo, mara nyingi atajibu kwa neno moja: kahawa. Kwa hiyo wasomaji wa kwanza wa maktaba hizi, kwa sehemu kubwa, walisomeshwa na 633.73.

Kubwa na kongwe, kwa haraka

Kwa ukongwe hatushindani. Maktaba ya umma kongwe zaidi Kenya ni ya Seif bin Salim, Mombasa, ya mwaka 1903. McMillan ya Nairobi ilifunguliwa Juni 1931, na ina sheria yake yenyewe ya mwaka 1938. Hiyo nayo, kwa miaka mingi, Mwafrika hakuruhusiwa kuisomea, na simba wake wawili wa mawe mlangoni waliyaona hayo yote. Mjini Meru jengo kongwe la kumbukumbu ni Makumbusho ya Meru, lililojengwa 1916 kama ofisi ya mkuu wa wilaya.

Kwa ukubwa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua mwaka 2018 maktaba yenye nafasi ya vitabu hadi 800,000. Ile ya Alexandria, Misri, iliyofunguliwa 2002, ina ukumbi wa kusomea wa ngazi 11 unaokalisha watu 2,000. Huku kwetu vyuo vikuu vimeongezeka: Kenya Methodist (KeMU), Chuka, Meru, na Embu iliyopata hati yake 2016. Maktaba zao ni nzuri, ila mlango wao ni wa wanafunzi wao. Ya umma haikuulizi wewe ni wa wapi.

Iliyotembea

Ukishuka kutoka Meru kwenda Isiolo, ndani ya saa moja ubaridi umekwisha na ngamia wameanza. Kutoka hapo kwenda mashariki ndiko iliko rekodi maarufu zaidi ya maktaba za Kenya. Mwaka 1996 KNLS ilianzisha Garissa maktaba ya ngamia, ikianza na watatu. Ngamia hubeba masanduku ya vitabu, hema na mikeka. Msafara ukifika, mikeka inatandikwa chini ya mgunga, masanduku yanafunguliwa, watoto wa wafugaji wanachagua. Wageni wa ng'ambo wameipiga picha kwa miaka mingi, nami naona inastahili. Lakini naomba isikumbukwe kama kitu cha ajabu tu. Ni sanduku lilelile la Ofisi ya Vitabu, likitafuta njia mpya ya kumfikia mtu aliye mbali.

Kabla ya ngamia, mwaka 1984, Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano mkuu wa dunia wa vyama vya maktaba, IFLA. Wakutubi wa dunia nzima walikuja, mara ya kwanza mkutano huo kufanyika Afrika.

Kiti kinachogombewa kuliko vyote

Rekodi ya mwisho hupatikana likizo ya Agosti, saa mbili na nusu asubuhi, wakati manyunyu ya mlima hayajaacha. Mlango haujafunguliwa na foleni ipo. Vijana wa kidato cha nne wamebeba karatasi za mitihani iliyopita na chupa ya chai ya maziwa. Mlinzi anapokea mikoba na kutoa kibao chenye namba. Kila mmoja anaandika jina kwenye daftari la mezani kwa kalamu iliyofungwa uzi. Kisha ni mbio za kutembea, kwa sababu kukimbia ni mwiko, kuelekea kiti kimoja: kile cha karibu na soketi ya ukutani. Zamani tuligombea kiti cha dirishani, kwa ajili ya mwanga. Leo ni umeme wa simu na kompyuta.

Kwenye meza ya magazeti hakuna mbio. Wazee wana viti vyao, na kila mtu anavijua. Nilimsikia kijana mmoja akinong'ona, "Mzee, ukimaliza hiyo Taifa Leo naiomba." Mzee akaikunja taratibu, akaisukuma mezani: "Chukua, mwanangu. Vifo nishavisoma."

Kabla ya kuondoka siku hiyo niliazima kitabu cha zamani. Ukurasa wa mbele kulikuwa na karatasi ya tarehe iliyogandishwa kwa gundi, imejaa mihuri ya zambarau safu kwa safu, mingine imefifia hata haisomeki. Kila muhuri ni mtu aliyekipeleka kitabu nyumbani, akakisoma kwa taa au kwa koroboi, akakirudisha. Mkutubi alitafuta nafasi ya kugonga tarehe yangu, akakosa, akabandika karatasi mpya juu ya ile ya zamani.

Basi nina ombi kwa msomaji wa Meru na Embu. Nyumbani kwenu huenda kuna daftari la ukoo, kumbukumbu za chama cha kahawa, barua za enzi ya Hali ya Hatari, au Biblia ya Kimeru ya mwaka 1964 yenye tarehe za kuzaliwa zilizoandikwa kwa mkono kwenye jalada. Usiziache zioze darini. Zitolee nakala, uipeleke maktaba iliyo karibu nawe, umwombe mkutubi aiweke kwenye rafu ya 967.62. Na ukiwa hapo, andika jina lako kwenye lile daftari la mlangoni, maana kaunti ikiuliza kama maktaba ina wasomaji, daftari hilo ndilo litakaloijibu.